Kambale Aliyepanda Mto

Sogeeni, wapwa zangu. Kuna swali limeulizwa hapa, na ni swali tamu: "Mjomba, milimani maji yanatoka kila siku. Sasa mto unakaukaje?"

Nani kauliza? Wewe mdogo? Hongera sana. Mawaziri wamelikunia kichwa swali hilo. Wataalamu wamelifuata na vipimo vyao, miaka na miaka. Na wewe umeliuliza ukiwa umekaa mkekani, mguu mmoja bila kiatu.

Mto wenyewe unaitwa Ruaha Mkuu. Maji yake yanazaliwa kwenye milima ya Kipengere na Uporoto, kusini mwa Tanzania. Hayaji kwa mto mmoja. Kuna Mbarali, kuna Kimani, kuna Chimala, na mingine mingi. Yote inashuka kwa kasi, inapita barabara kuu ya Iringa na Mbeya, kisha inaingia bonde la Usangu. Bonde hilo ni tambarare, pana, lenye udongo mzuri. Na hapo ndipo penye mpunga. Ukipita na basi Chimala au Igurusi, utaona magunia ya mchele yamepangwa hadi yanakuziba macho.

Baada ya mashamba, maji yanaingia Ihefu. Ihefu ni ardhi oevu, majani na maji mpaka upeo wa macho. Kutoka Ihefu, mto unapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, penye tembo na viboko. Halafu unaingia bwawa la Mtera, kisha la Kidatu, yanayotoa umeme. Mwishowe unajiunga na Rufiji na kwenda baharini.

Zamani sehemu ile ya hifadhini ilikuwa na maji mwaka mzima. Ilipofika kiangazi cha mwaka 1993, mto ukakatika. Haukupungua tu. Ulikatika. Yakabaki madimbwi, na kati ya dimbwi na dimbwi, mchanga. Tangu mwaka huo, kukatika kukawa mazoea.

Sasa nitampa samaki mdomo. Samaki kusema na kujibiwa ni uongo wa hadithi, mnajua. Mengine yote nitakayosema ni ya kweli.

Alikuwapo kambale mzee katika dimbwi moja la hifadhini. Kambale ana sharubu nane, zihesabuni siku mkimwona sokoni. Tena kambale anaweza kuvuta hewa ya juu kama mimi na wewe, ndiyo maana maji yakiisha, yeye ni wa mwisho kufa. Mwezi wa tisa ulikuwa umeingia. Dimbwi lilikuwa limejaa viboko, wamebanana mbavu kwa mbavu, na maji yamegeuka uji wa kinyesi.

Kambale akamwuliza kiboko, "Nani amefunga mto?"

Kiboko akapiga mwayo. "Si mimi. Mimi ngozi yangu inapasuka kwa jua. Muulize aliye juu yangu."

Basi kambale akaanza safari ya kupanda mto. Alipitaje kwenye mchanga mkavu? Ah, wapwa zangu, nimeshasema huyu ni samaki wa hadithi. Njiani aliwakuta tembo wanachimba mchanga kwa miguu na mikonga, wanatafuta maji yaliyojificha chini. Hilo nalo ni kweli, tembo wa Ruaha hufanya hivyo. Akawauliza, "Nani amefunga mto?" Tembo wakasema, "Si sisi. Muulize aliye juu yetu."

Akafika Ng'iriama.

Hapa tukae kidogo. Ng'iriama ndipo siri ilipo, na watu wengi wanaizungumza Ruaha bila kupataja. Ng'iriama ni mwamba. Umelala kukatiza mto, pale pale Ihefu inapoishia. Maji yote ya Ihefu yanayotaka kwenda hifadhini lazima yapite juu ya mwamba huo. Hakuna njia nyingine.

Chukulia mtungi wa bibi pale uani. Mtungi una mdomo. Ukiujaza mpaka mdomoni kisha ukaongeza kata moja, maji yanamwagika nje. Ukipunguza maji yakashuka chini ya mdomo, hata kwa upana wa kidole, hakimwagiki kitu. Mtungi bado una maji, tena mengi. Lakini nje pakavu.

"Kwa hiyo Ihefu ni mtungi, Mjomba?"

Ihefu ni mtungi.

"Na Ng'iriama ni mdomo wake?"

Barabara! Ng'iriama ni mdomo wake. Na hapo sasa unaelewa jambo lililowatatiza watu wazima. Mtu anasimama Ihefu kiangazi, anaona maji, anaona ndege, anasema, "Mbona maji yapo?" Yapo, ndiyo. Yako chini ya mdomo.

Kambale akauuliza mwamba, "Nani amefunga mto?" Mwamba ukasema, "Si mimi. Nilikuwa hapa kabla ya babu yako. Sijapanda wala sijashuka. Muulize aliye juu yangu."

Akaiuliza Ihefu. Ihefu ikajibu kwa sauti ya uchovu. "Si mimi. Mimi nina uwazi mkubwa, na jua linanywa kutoka kwangu mchana kutwa. Majani yangu nayo yananywa. Ninachopewa kiangazi karibu chote kinapanda hewani. Nikipewa kingi, nabakiza kidogo, namwagia kiboko. Nikipewa kidogo, sibakizi kitu."

"Kingi ni kiasi gani, Mjomba?"

Umeuliza kama mhandisi. Yuko mtafiti anaitwa Japhet Kashaigili, wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Yeye na wenzake walipiga hesabu hiyo miaka ya 2000. Walikuta hivi: ili lita 500 tu zipite hifadhini kila sekunde wakati wa kiangazi, Ihefu inahitaji kupokea kama lita 7,000 kila sekunde. Yaani ndoo kumi na nne zinaingia, ndoo moja inatoka. Zilizobaki ni za jua na majani. Na maji yaliyokuwa yanaingia kweli kiangazi, walipoyapima, yalikuwa kama nusu tu ya hayo yanayohitajika.

Nusu! Sasa nusu nyingine iko wapi? Kambale naye akajiuliza hivyo hivyo. Akapanda.

Akaingia mashambani. Hapa nataka msikilize kwa haki, maana wakulima wa Usangu wamesingiziwa mengi. Mpunga wa kumwagilia Usangu si wa jana. Wabaluchi, watu ambao asili yao ni ng'ambo ya bahari, kule Makran, ni miongoni mwa waliotangulia kuchimba mifereji ya mpunga bondeni, kabla hata ya uhuru. Baadaye likaja shamba kubwa la serikali la Mbarali, lililojengwa kwa msaada wa China. Halafu la Kapunga. Wakulima wadogo nao wakafuata mifereji, wakaja kutoka kila upande. Mnamo mwaka 1970 mashamba ya kumwagilia yalikadiriwa hekta 10,000 hivi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 yalikuwa yamepita hekta 40,000.

Ni kosa kulima? Si kosa. Wali wa Dar es Salaam unatoka wapi? Mimi mwenyewe wali naupenda, wa nazi zaidi, na sitaki kusikia mtu anamtukana aliyenilimia.

Tena sikilizeni. Mpunga mwingi wa Usangu hulimwa masika, mvua inaponyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, Mei. Wakati huo maji ni tele. Mkulima anachukua, Ihefu inajaa, mtungi unamwagika, kiboko anaogelea. Hakuna ugomvi. Ugomvi unakuja kuanzia Juni hadi Novemba, mito inapopungua. Na mwezi wa tisa, mpunga mwingi umeshavunwa. Uko ghalani, au uko tumboni.

"Sasa kama mpunga umeshavunwa, maji yanakwenda wapi?"

Ndiyo! Hilo ndilo swali la kambale. Alizunguka kwenye majaruba. Majaruba ni yale mashamba yaliyozungushiwa matuta ili maji yasitoke. Akakuta mabua makavu. Akakuta mbuzi. Mkulima hayupo. Lakini mfereji ulikuwa unatiririka! Maji yanaingia kwenye shamba lisilo na mpunga, yanatanda, yanakaa, jua linayanywa.

Kambale akaufuata mfereji mpaka ulikoanzia. Huko akamkuta Banio.

Banio ni mahali mfereji unapochotea maji kutoka mtoni. Zamani mabanio yalijengwa kwa miti, mawe, majani na udongo. Yalikuwa yanavuja kila mahali. Mvua kubwa ikija inayabeba yote, wakulima wanakusanyika kujenga upya. Kazi nzito, mgongo unauma. Basi wafadhili na serikali wakaona wasaidie. Wakajenga mabanio ya zege yenye malango ya chuma. Nia njema kabisa. Walitaka maji yatumike vizuri.

Kambale akauliza, "Banio, nani amefunga mto?"

Mara hii hakusikia "Si mimi." Banio likanyamaza kwanza. Kisha likasema, "Ni mimi. Lakini nisikilize. Mwenzangu wa miti alikuwa anavuja. Kiangazi yalipokuwa yanapungua, maji yaliyovuja kwake yalikwenda zao mtoni, yakafika Ihefu. Hakuna aliyeyahesabu. Mimi sivuji. Mto ukiwa mdogo, naweza kuushika wote. Nina lango, ndiyo, lakini lango halijifungi lenyewe. Tangu wavune, hakuna aliyekuja kunifunga."

Mmeona? Banio bora likaunyima mto yale yaliyokuwa yanaponyoka kutoka kwenye banio bovu. Mimi jambo hili linanishangaza kila nikilisimulia. Watu walijenga kitu cha kuokoa maji, na kiangazi kikawa kitu cha kuyamaliza.

"Mbona wasifunge tu lango, Mjomba? Si dakika moja?"

Kambale naye aliuliza. Banio likajibu, "Kiangazi kimoja cha nyuma alikuja mwenye kulifunga. Mama mmoja wa kijiji cha chini akaja mbio na ndoo kichwani. Akasema, 'Ukifunga hapo, sisi tutapikia nini?'"

Ndiyo, wapwa zangu. Vijiji vingi viko mwisho wa mfereji, mbali na mto. Mfereji ndiyo bomba lao. Wanakunywa humo, wanafua humo, ng'ombe wananywa humo. Familia inahitaji ndoo chache kwa siku. Lakini ili ndoo hizo zifike kilomita zote zile, mfereji mzima lazima utiririke usiku na mchana, na njiani udongo unanywa, jua linanywa. Mtu mmoja anapata ndoo ya kupikia, na mto unapoteza maji ambayo ndoo zote za kijiji hazingeyamaliza.

Kwa hiyo mama yule ana kosa? Hana. Mpe kisima karibu na nyumba yake, chenye maji safi kuliko ya mfereji, na yeye mwenyewe atakwambia ufunge lango. Hii ndiyo dawa ninayoiamini mimi kuliko zote: visima vya vijiji, halafu lango lifungwe kiangazi. Haina sherehe wala hotuba kubwa. Labda ndiyo maana imesahaulika mara nyingi.

Maana zilijaribiwa dawa zenye kelele zaidi. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba kufikia mwaka 2010 mto utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Ihefu, familia nyingi zikahama na mifugo safari ndefu. Mwaka 2008 eneo hilo likaingizwa kwenye Hifadhi ya Ruaha, ikawa hifadhi kubwa ya kilomita za mraba zaidi ya 20,000. Mwaka 2010 ukafika. Kiangazi mto ukakatika. Ng'ombe ameondoka kwenye mtungi, lakini kata inayojaza mtungi iko kule juu, na kule juu lango lilikuwa bado wazi.

"Na umeme, Mjomba? Babu anasema wakulima wa mpunga ndio walituletea giza."

Babu anakumbuka mgawo wa umeme wa miaka ya 1990. Kweli, watu wengi waliwanyooshea kidole wakulima wa Usangu. Lakini Mtera haijazwi na vijito vya kiangazi. Inajazwa na mafuriko ya masika, wakati maji yanawatosha wote. Waliochunguza walisema namna mabwawa yenyewe yalivyoendeshwa ilikuwa na sehemu yake. Mwambie Babu taratibu, baada ya kula.

Sasa turudi kwenye mpunga wenyewe. Kilo moja ya mpunga hula zaidi ya lita elfu moja za maji mpaka ivunwe. "Ni lazima, Mjomba? Mpunga si unaishi majini kama kambale?"

Kambale alicheka hapo mpaka sharubu zikatetemeka. Hapana. Mpunga unavumilia maji, hauhitaji kuzama muda wote. Sababu kubwa ya kulijaza jaruba maji ni magugu. Magugu mengi yakifunikwa maji yanashindwa, mpunga hauhangaiki. Maji yale ni jembe la mvivu! Msiwaambie wakulima nimesema hivyo. Palizi ni kazi ngumu na vibarua wanalipwa.

Siku hizi wako wanaolima kwa namna inayoitwa kilimo shadidi. Mche unatolewa kitaluni ukiwa mchanga, siku nane hadi kumi na mbili. Unapandikizwa mmoja mmoja, kila shimo mche mmoja, si fungu. Kati ya mche na mche sentimita 25. Halafu maji yanaingizwa, yanaachwa yakauke mpaka udongo uanze kupasuka kidogo, yanaingizwa tena. Mizizi inapata hewa, inakwenda chini, mche unazaa machipukizi mengi. Maji yanayotumika ni machache, na mavuno mara nyingi yanazidi. Ubaya wake? Magugu yanafurahi pia. Unapalilia kwa mashine ndogo ya kusukuma, jasho linakutoka. Ndiyo maana si kila mtu amekubali.

Na nani anaamua lango lifunguliwe saa ngapi? Kuna Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, inayotoa vibali vya kutumia maji. Kibali kinaandikwa kwa namba, lita kadhaa kwa sekunde. Lakini mto haujui kusoma. Masika namba hiyo ni ndogo, kiangazi namba ile ile inaweza kuwa mto mzima. Kwa hiyo kazi ya kweli inafanywa na jumuiya za watumia maji, watu wa mto mmoja wanaokaa chini na kupangiana zamu. Leo mfereji wa juu, kesho wa chini. Usiku nao una zamu yake, na zamu ya usiku ndiyo inayoleta maneno.

Kuwakalisha watu wa juu na wa chini pamoja si rahisi. Hapo nitawaambieni kitu mtakachokipenda. Mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Uingereza, Bruce Lankford, akifanya kazi na wenzake wa Chuo cha Sokoine, alitengeneza mchezo. Ubao mrefu, umeinamishwa. Katikati una mfereji, huo ndio mto. Pembeni yake kuna mashimo, hayo ndiyo mashamba. Maji ni gololi! Zinamwagwa juu, zinateremka, na kila mchezaji anaweka kijiti kuzivuta zije shambani kwake. Wakulima wa Usangu, watu wazima wenye ndevu, walicheza gololi. Kwanza kila mtu alicheza kwa ajili yake mwenyewe. Wa juu wakajaza mashimo yao. Wa mwisho wakaangalia ubao mtupu. Kisha wakazungumza, wakacheza tena kwa kupatana.

Mchezo huo tunaweza kuutengeneza hapa hapa. Tafuteni ubao, hata ule wa mlango wa banda la kuku ulioanguka. Tuchonge mfereji katikati na mashimo ubavuni. Gololi najua nani anazo, asifiche. Raundi ya kwanza ni masika, tunamwaga gololi hamsini. Raundi ya pili ni kiangazi, gololi kumi tu, na hapo sitaki kusikia kilio. Kambale yuko mwisho wa ubao, na kiboko pia. Anayekaa huko chini ahesabu kwa sauti kila gololi inayomfikia, ili walio juu wasikie.